Miale ya gamma hupotelea wapi njiani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwanga wa galaksi unaomeza mwanga

Miale ya gamma ni mwanga wenye nishati kubwa kuliko wote. Inaposafiri kutoka galaksi za mbali, mingine humezwa njiani na mwanga hafifu wa galaksi uitwao mwanga wa usuli. Majibu haya yameandikwa kwa mtu aliyesoma fizikia ya sekondari na bado anakumbuka kwamba mwanga ni mawimbi na wakati huohuo ni chembe ziitwazo fotoni. Kama umesahau, endelea tu kusoma. Hesabu ipo moja, nayo ni ya kuzidisha na kugawanya.

Huo "mwanga wa usuli" ni kitu gani hasa?

Ni mwanga wote uliowahi kutolewa na nyota, ukatoka nje ya galaksi zake, na mpaka leo unazurura. Nyota za kwanza ziliwaka zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita. Zimekufa zamani, lakini sehemu kubwa ya mwanga wao haikupata pa kugota, kwa sababu nafasi iliyo kati ya galaksi na galaksi ni tupu mno. Juu ya mwanga huo ukaongezeka wa nyota zilizofuata, na wa zilizofuata tena, pamoja na ule wa gesi ya moto inayozunguka mashimo meusi makubwa. Matokeo yake ni ukungu mwembamba wa fotoni uliotanda kila mahali. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe hapa ni kikubwa kupita kiasi: ukichukua mita moja ya ujazo ya anga tupu, utakuta ndani yake fotoni za nyota elfu chache tu.

Mwanga huu una sura mbili. Karibu nusu yake unatufikia kama nyota zilivyoutoa, yaani mwanga wa kawaida na infraredi ya karibu, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 1 hivi. Nusu nyingine ilinaswa na vumbi lililomo ndani ya galaksi zenyewe. Vumbi likapata joto, likautoa upya kama infraredi ya mbali, kwenye mikromita 100 hadi 150. Bati lililopigwa na jua mchana kutwa hufanya vivyo hivyo: usiku haling'ai, lakini ukilikaribia unahisi fukuto.

Mwanga unawezaje kumeza mwanga? Nikiwasha tochi mbili zikaelekeana, hakuna kinachotokea.

Ni kweli, na sababu ya tochi kutofanya lolote ndiyo ufunguo wa jambo zima.

Fotoni mbili zikigongana zinaweza kutoweka, na mahali pake zikazaliwa chembe mbili zenye uzito: elektroni moja na positroni moja, ambayo ni pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Gregory Breit na John Wheeler walilipigia hesabu jambo hili mwaka 1934. Lakini kuumba chembe kuna bei yake. Uzito wa elektroni moja ni sawa na nishati ya elektronivolti 511,000 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati), na unahitaji chembe mbili. Sharti likawa hivi: zidisha nishati ya fotoni ya kwanza kwa nishati ya fotoni ya pili, kama zinagongana uso kwa uso, jibu lazima lifike angalau 511,000 mara 511,000, yaani bilioni 261.

Fotoni ya tochi ina elektronivolti 2 hivi. Mbili mara mbili ni nne. Nne na bilioni 261 hazijuani kabisa, ndiyo maana tochi zako zinapishana salama.

Sasa chukua mwale wa gamma wenye elektronivolti trilioni moja. Wataalamu huuita wa teraelektronivolti moja, na kuanzia hapa nitaandika 1 TeV. Mwale huo unahitaji mwenzake mwenye elektronivolti 0.26 tu ili bei itimie, na fotoni za nyota nyingi zina zaidi ya hapo. Kwa mwale wa aina hii, ukungu wa fotoni za galaksi ni kitu cha kujigonga.

Kugota kwenye kima cha chini peke yake hakutoshi, hata hivyo. Uwezekano wa kugongana huwa mkubwa kabisa pale zao la nishati hizo mbili, yaani jibu la kuzidisha, linapokuwa kama mara nne ya kima hicho. Kwa hiyo kila mwale una fotoni zake zinazouandama. Wa 0.1 TeV humezwa zaidi na urujuanimno, wa 1 TeV na infraredi ya karibu ya mikromita 1.2 hivi, na wa 10 TeV na infraredi ya mikromita 12 hivi. Likumbuke hili, maana ndilo linaloigeuza miale ya gamma kuwa kipimo.

Aliyeliona jambo hili mapema ni A. I. Nikishov wa Muungano wa Kisovieti, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati hapakuwa na darubini yoyote duniani iliyokuwa imeona mwale wa TeV kutoka galaksi nyingine.

Mwale unaweza kusafiri umbali gani kabla ya kumezwa?

Tupige ile hesabu. Kila fotoni ya nyota, kwa jicho la mwale wa gamma, ni shabaha yenye eneo fulani. Pale mgongano unapokuwa rahisi zaidi, eneo hilo ni mita mraba 1.7 × 10⁻²⁹. Ni dogo ajabu, kiasi cha robo ya eneo ambalo elektroni hulionyesha kwa mwanga wa kawaida. Tuseme kila mita ya ujazo ina fotoni 6,500 zenye elektronivolti 1 hivi, kiasi kinachoendana na mwanga wa usuli uliopimwa.

Zidisha 6,500 kwa 1.7 × 10⁻²⁹, unapata 1.1 × 10⁻²⁵. Hiyo ni sehemu ya njia inayozibwa katika kila mita moja ya safari. Gawa 1 kwa namba hiyo, unapata mita 9 × 10²⁴. Mwaka mmoja wa nuru ni mita 9.5 × 10¹⁵, kwa hiyo safari ni ya miaka ya nuru karibu bilioni moja.

Hesabu ya kibandani, nakiri. Nimepuuza pembe za migongano, nimepuuza kutanuka kwa ulimwengu, nimezifanya fotoni zote kuwa sawa. Lakini hesabu za kina zinazozingatia yote hayo hufika palepale kwa mwale wa 1 TeV: zaidi kidogo ya miaka ya nuru bilioni moja. Umbali huo wanaastronomia huuita upeo wa miale ya gamma, na maana yake ni kwamba kati ya miale 100 iliyoondoka, 37 ndiyo inayofika. Uzibaji ukiwa maradufu ya huo, hufika 14.

Nishati ikipanda, upeo unasogea karibu. Mwale wa 10 TeV hukwama ndani ya miaka ya nuru milioni mia chache. Nishati ikishuka, unasogea mbali: mwale wa 0.1 TeV unaweza kuwa umesafiri zaidi ya nusu ya umri wa ulimwengu, na chini ya 0.01 TeV ulimwengu karibu wote ni kioo safi.

Blaza ni nini, na kwa nini hutajwa kila mara?

Katikati ya galaksi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya jua. Baadhi ya mashimo hayo hurusha mikondo miwili ya chembe kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mkondo mmoja ukitokea kuelekea kwetu moja kwa moja, tunakiita kitu hicho blaza. Ni sawa na kuangalia ndani ya bomba la maji badala ya kulitazama kwa pembeni.

Blaza ndizo taa zetu. Ya kwanza kuonekana kwa miale ya TeV ni Markarian 421, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 400 hivi, iliyonaswa mwaka 1992 na darubini ya Whipple huko Arizona, Marekani. Mwaka 1996 ikafuata Markarian 501. Angalia jinsi zote mbili zilivyo jirani kwa vipimo vya ulimwengu: ndizo taa ambazo ukungu haukuweza kuzizima.

Miale ya gamma haipiti kwenye angahewa. Darubini za ardhini zinaionaje?

Zinaona kifo chake. Mwale ukiingia kwenye angahewa hugonga hewa na kuzaa mvua ya chembe, na chembe hizo, zikienda kasi kuliko mwanga unavyokwenda ndani ya hewa, hutoa mmweko wa rangi ya buluu uitwao mwanga wa Cherenkov. Mmweko hudumu nanosekunde chache na kuangaza duara la ardhi lenye upana wa zaidi ya mita 200. Darubini yoyote iliyo ndani ya duara hilo inaweza kuunasa. Kwa hiyo eneo la kukusanyia ni duara lote, na kioo ni jicho tu.

Ukubwa huo unahitajika kwa sababu miale yenyewe ni adimu. Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, ni miongoni mwa vyanzo ving'avu vya TeV, lakini kifaa cha mita moja ya mraba kilichoelekezwa huko angani kingepata miale ya zaidi ya 1 TeV kama sita tu. Kwa mwaka mzima.

Kimojawapo cha vituo bora kabisa vya kazi hii kiko barani kwetu. H.E.S.S. iko kwenye nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ilianza kazi mwaka 2002, darubini zake nne za kwanza zikakamilika mwaka uliofuata, na mwaka 2012 ikaongezwa ya tano yenye upana wa mita 28. Jina lake linamkumbuka Victor Hess, aliyegundua mionzi ya anga za juu mwaka 1912 akiwa ndani ya puto. Nyingine kubwa ni MAGIC kwenye kisiwa cha La Palma, Uhispania, na VERITAS huko Arizona. Miale ya nishati ndogo zaidi hushughulikiwa na satelaiti ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008.

Na pwani yetu ina sehemu yake katika historia hii, ingawa wengi hawaijui. Tarehe 15 Novemba 1972 satelaiti ya Marekani iitwayo SAS-2, miongoni mwa za mwanzo kabisa kuchora anga kwa miale ya gamma, ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimikwa baharini kaskazini mwa Malindi. Ilifanya kazi miezi saba hivi. Dada yake mkubwa, ya miale ya eksi, ilikuwa imerushwa hapohapo tarehe 12 Desemba 1970, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, ikapewa jina Uhuru.

Mnajuaje kwamba mwale umemezwa? Labda blaza haikuutoa tangu mwanzo.

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na kwa miaka mingi ndilo lililowakosesha wanaastronomia usingizi. Ukiona taa hafifu baharini usiku, huwezi kujua kwa kuitazama tu kama ni taa kubwa iliyo nyuma ya ukungu au kibatari kilicho karibu.

Njia ya kwanza ya kutoka kwenye mtego huo ni kuuliza: taa gani ingehitajika? Mwaka 2006 kundi la H.E.S.S. lilichapisha kazi juu ya blaza mbili, H 2356-309 na 1ES 1101-232, zilizo mbali kuliko blaza nyingi za TeV zilizojulikana wakati huo, miaka ya nuru zaidi ya bilioni mbili. Miale yao ya nishati kubwa ilikuwa mingi kupita matarajio. Wataalamu wakafanya hesabu kinyumenyume: chukua miale iliyofika, ongeza iliyomezwa kwa kila kadirio la mwanga wa usuli, uone blaza yenyewe ingekuwaje. Kwa makadirio makubwa, ilitoka blaza isiyowezekana, yenye kutoa miale ya nishati kubwa kuliko fizikia inayojulikana inavyoruhusu. Basi makadirio makubwa yakaanguka. Mwanga wa usuli ulipaswa kuwa mdogo, karibu sawa na unaopatikana kwa kuhesabu galaksi moja moja kwenye picha za darubini ya Hubble.

Mimi huona hii kuwa hoja nzuri kuliko nyingi katika elimu ya anga, ila ina udhaifu wake: inategemea kuamini kwamba tunajua blaza zinaweza nini. Njia ya pili haihitaji imani hiyo. Blaza moja inaweza kuwa na tabia ya ajabu. Blaza 150 haziwezi kula njama. Mwaka 2012 kundi la Fermi lilipanga blaza kwa umbali wake na kutazama mahali ambapo miale inaanza kupungua. Zilizo karibu hazikuonyesha upungufu kwenye nishati za Fermi. Zilizo mbali zilionyesha, na kadiri zilivyo mbali ndivyo mkato ulivyoanzia nishati ya chini zaidi, kama nadharia ilivyotaka. Blaza haijui imekaa umbali gani kutoka kwetu. Mkato unaofuata umbali ni lazima utoke njiani.

Mwaka 2013 H.E.S.S. nao wakaona alama hiyohiyo kwenye blaza zao za TeV, kwa uhakika wa sigma 8.8 (sigma ikiwa kubwa, uwezekano wa alama kuwa ya kubahatisha huwa mdogo). Katika fizikia, sigma 5 hutosha kutangaza ugunduzi.

Kwa nini msiupime mwanga huo moja kwa moja kwa kamera?

Kwa sababu ya alfajiri ya uongo.

Aliyewahi kuamka kwa ajili ya swala mahali pasipo na taa za umeme anaijua: ule weupe unaopanda kama mkia upande wa mashariki kabla ya alfajiri ya kweli, kisha ukafifia. Wanazuoni waliutofautisha na alfajiri ya kweli karne nyingi zilizopita. Weupe ule ni mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi lililotawanyika kati ya sayari, na vumbi hilo halipo mashariki tu. Limetuzunguka, na usiku kucha anga lote linang'aa kidogo kwa sababu yake. Mng'ao huo unaushinda mwanga wa galaksi za mbali mara nyingi sana. Kila aliyejaribu kuutoa kwa hesabu alibaki na mabaki makubwa, asijue ni mwanga wa galaksi au ni vumbi lililosalia.

Dawa yake ni kuondoka kwenye vumbi. Chombo cha New Horizons kiliipita Pluto Julai 2015 na kikaendelea kwenda. Mwaka 2024 wataalamu walitoa vipimo vilivyochukuliwa na kamera yake kikiwa zaidi ya kilomita bilioni 8 kutoka kwenye jua, ambako mng'ao wa vumbi hilo umekwisha. Walipata nanowati 11 hivi kwa mita mraba kwa steradiani (steradiani ni kipimo cha kipande cha anga), kiasi ambacho galaksi zinazojulikana zinaweza kukieleza. Miaka miwili kabla, kipimo cha chombo hichohicho kilikuwa kimeleta jumla kama mara mbili ya mwanga wa galaksi, watu wakaanza kutafuta vyanzo vya ajabu. Kumbe tatizo kubwa lilikuwa vumbi tena, safari hii la galaksi yetu wenyewe.

Miale ya gamma haisumbuliwi na vumbi lolote kati ya haya. Inabeba ushahidi wa safari nzima, na vumbi la uani kwetu ni kama halipo.

Je, ni kweli kulikuwa na "mgogoro"?

Ulikuwepo, na ulikuwa mtamu. Mwaka 1997 Markarian 501 iliwaka kwa nguvu, na darubini za HEGRA kule La Palma zikanasa miale yake mpaka karibu na 20 TeV. Wakati huohuo vipimo vya infraredi vilivyotokana na satelaiti ya COBE vilikuwa vikitoa namba kubwa. Ukiziweka pamoja, miale ile haikupaswa kufika. Mwaka 2000 jambo hilo likapewa jina la mgogoro wa TeV, na wapo waliokuwa tayari kuigusa nadharia ya uhusiano ya Einstein ili kuutatua. Lakini namba za infraredi zikashuka kadiri vumbi lilivyotolewa vizuri zaidi, kazi ya H.E.S.S. ya 2006 ikazishusha zaidi, na Einstein akaachwa apumzike.

Na ule mlipuko wa Oktoba 2022?

Tarehe 9 Oktoba 2022 ulionekana mlipuko wa miale ya gamma uliokuwa mng'avu kuliko wowote uliowahi kurekodiwa. Jina lake ni GRB 221009A, na ulitokea umbali wa miaka ya nuru takriban bilioni 2. Miongoni mwa vyombo vilivyotoa taarifa mapema ni satelaiti ya Swift, ambayo tangu irushwe mwaka 2004 data zake zimekuwa zikishuka kupitia kituo cha Malindi.

Kituo cha LHAASO cha China, kilicho mita 4,410 juu ya usawa wa bahari huko Sichuan, kilikuwa kinatazama upande huo kwa bahati. Kilinasa fotoni zaidi ya 60,000 za juu ya 0.2 TeV. Taarifa ya kwanza ilitaja fotoni mpaka 18 TeV, na hapo simu zikaanza kulia. Rudi kwenye hesabu yetu: mwale wa 18 TeV hauwezi kuvuka miaka ya nuru bilioni 2 isipokuwa kwa bahati isiyo ya kawaida. Makala zikamiminika, nyingi zikipendekeza kwamba fotoni ziligeuka njiani kuwa chembe za kubuni ziitwazo aksioni, zikapenya ukungu bila kugongwa, kisha zikarudi kuwa fotoni karibu na kwetu.

Uchambuzi kamili wa mwaka 2023 ulishusha nishati ya juu mpaka 13 TeV hivi. Bado ni kubwa na bado inabana, lakini haihitaji aksioni. Inahitaji mwanga wa usuli uwe mdogo kidogo kwenye infraredi kuliko baadhi ya makadirio. Kwa maoni yangu, historia ya Markarian 501 ingetosha kuwafanya watu wasubiri kabla ya kuandika. Ila fizikia ingekuwa kavu kama kila mtu angesubiri.

Mwale ukishamezwa, nishati yake huenda wapi?

Kwa elektroni na positroni zilizozaliwa. Hizo nazo hukutana na fotoni za mnururisho wa mikrowevu, yaani mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na kuzipiga mpaka zinakuwa miale ya gamma yenye nishati ndogo. Mwale wa 1 TeV hatimaye huacha nyuma yake miale mingi ya 0.001 TeV hivi. Miale hiyo haimezwi tena, hivyo Fermi ilitarajiwa kuiona ikitoka upande wa blaza.

Haikuiona kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2010 Andrii Neronov na Ievgen Vovk walitoa maelezo: huenda kuna usumaku dhaifu katikati ya galaksi, unaopinda njia za elektroni na positroni mpaka miale yao inatawanyika pembeni. Walikadiria kwamba usumaku huo usipungue gausi 3 × 10⁻¹⁶ (gausi ni kipimo cha nguvu ya usumaku). Wa dunia yetu, unaosogeza sindano ya dira, ni kama nusu gausi. Wapo wanaobisha, wakisema chembe hizo hupoteza nishati yake kwa kuipasha moto gesi nyembamba ya kati ya galaksi. Ubishi haujaisha.

Kwa nini mnururisho wa mikrowevu wenyewe haumezi miale? Fotoni zake ni nyingi zaidi.

Ni nyingi mno, milioni 411 kwa kila mita ya ujazo. Lakini kila moja ina nishati kidogo sana, kwa hiyo ni lazima mwale uwe mkubwa sana ili zao litimie. Kwenye 2,000 TeV hivi ndipo zinapouma, na hapo zinauma kwelikweli: mwale huo hausafiri zaidi ya miaka ya nuru 30,000 hivi kabla ya kumezwa. Hautoki hata nje ya galaksi yetu kwa usalama. Ndiyo sababu miale mikubwa zaidi inayonaswa, kama ule wa 1,400 TeV kutoka upande wa Cygnus uliotangazwa na LHAASO mwaka 2021, ni ya humuhumu ndani.

Miale hii ina madhara kwetu?

Hapana. Angahewa inaizuia yote, na inayofika ni michache mno kama tulivyoona.

Kipimo hiki kimetufundisha nini juu ya nyota?

Kwa kuwa blaza ziko umbali tofauti, kila moja imeangaza kupitia kipande tofauti cha historia. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa na Marco Ajello lilitumia blaza 739 na mlipuko mmoja wa miale ya gamma, likakadiria fotoni zote zilizowahi kutoka kwenye nyota na kusambaa ulimwenguni: 4 × 10⁸⁴. Yaani nne ikifuatiwa na sufuri 84. La maana kuliko namba hiyo ni kwamba waliweza kuona uzazi wa nyota ukipanda, ukafika kilele miaka bilioni 10 hivi iliyopita, kisha ukapungua mpaka leo. Darubini za kawaida zilikuwa zimesema hivyohivyo kwa kuhesabu galaksi, lakini galaksi hafifu mno hazihesabiki. Mwanga wake hata hivyo umo kwenye ukungu, na mwale wa gamma haubagui.

Wapo pia waliogeuza hesabu ili kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, wakapata karibu kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26 ya umbali. Inapendeza, ingawa njia nyingine kwa sasa hupima kwa usahihi zaidi.

Naweza kuona chanzo chochote cha miale hii kwa darubini yangu?

Miale yenyewe, hapana. Lakini blaza hutoa pia mwanga wa kawaida. Markarian 421 ina mng'ao wa daraja la 13 hivi, kwa hiyo darubini yenye kioo cha sentimita 25 inaitosha, mradi uwe mbali na taa za mji. Iko kwenye kundinyota la Dubu Mkubwa, jirani kabisa na nyota iitwayo 51 Ursae Majoris, ambayo ndiyo itakayokuongoza na ndiyo itakayokusumbua kwa mng'ao wake. Ukiwa Nairobi inapanda mpaka nyuzi 50 upande wa kaskazini, Dar es Salaam nyuzi 45. Aprili huwa juu saa tatu usiku, lakini Aprili ni masika na mawingu hayana huruma. Jaribu Februari, kuanzia saa saba usiku. Utaona nukta moja tu, isiyo na umbo.